Hodi ya Mama Evodia

Mteja wangu wa Miyuji hachagui spika kwa macho. Mara tatu nimempelekea spika za kifahari, za bei ya kujengea nyumba, na mara tatu amenirudisha nazo dukani. Chumba chake cha muziki kina mazulia mpaka ukutani na kiti kimoja tu. Nikimwamkia shikamoo, huitikia marahaba huku akifuta viganja kwa leso, kisha hunielekeza nizisimamishe spika pande mbili za mlango. Halafu hutoa kaseti ile ile. Ndani yake hamna muziki. Kuna sauti ya marehemu mkewe, iliyonaswa kwa bahati mbaya siku mzee alipokuwa akirekodi kwaya kutoka redioni: "Hodi! Baba Evodia, umejifungia tena na miziki yako?" Yeye hufumba macho, hutega sikio, hutikisa kichwa. "Hapana, mwanangu. Huyu yuko ndani ya boksi."

Leo nilimfungia jozi ya nne, ndefu kunipita mimi. Akanisogezesha spika kidogo kidogo, akipima nafasi kwa shubiri, mpaka akaridhika na kukaa. Nikawasha.

"Hodi!"

Sauti haikutoka kwenye spika ya kulia wala ya kushoto. Ilitoka katikati, pale pale mlangoni.

"Karibu!" akaitikia, akainuka upesi kwenda kufungua. Barazani kulikuwa na viatu vyangu tu. Alivitazama kwa muda mrefu, halafu akasema bila kugeuka, "Hizi ziache."