Nyumba Aliyoinunua Mdogo Wangu

Nilikuwa nimepanga katika nyumba ile ya Kariakoo miaka kumi na mmoja mdogo wangu alipokuja kuitaka. Chumba changu kilikuwa cha mwisho mkono wa kulia ukiingia koridoni, kile kinachopakana na ua. Cherehani yangu ilikaa barazani, na watu waliokuwa wakienda sokoni walipita mbele ya miguu yangu tangu asubuhi. Enzi zile vitambaa vilikuwa shida, hata uzi ulitafutwa kwa kujuana, kwa hiyo kazi yangu kubwa ilikuwa ya kugeuza: kola iliyochakaa ndani nje, suruali ya baba iwe ya mtoto, gauni la harusi liwe mashuka ya kitanda cha mtoto.

Mwenye nyumba alikuwa mjane wa watu wa pwani, mzaliwa wa mtaa uleule. Nilimwita Mama, naye aliniita mwanangu. Nilimpaka mafuta kichwani kila Ijumaa, nilimpangia foleni ya sukari kwenye duka la ushirika, nilipaka chokaa kuta za korido kila mwezi wa Ramadhani ukikaribia. Siku moja, kichwa chake kikiwa mapajani mwangu, alisema, "Nikichoka na mji huu, nyumba hii nitakuachia wewe, mwanangu."

Labda alisema kwa kupitisha maneno tu. Mimi niliyashika. Tangu siku ile nilianza kuitazama ile nyumba kama mtu anavyomtazama mchumba. Nilipanda asumini pembeni ya kisima. Nilijua bati lipi lilipiga kelele upepo ukija, na mlango upi ulivimba wakati wa masika.

Mdogo wangu nilimleta mwenyewe. Alikuwa mkunga, amehamishiwa Dar kutoka mikoani, na mumewe alikuwa fundi wa mitambo melini, mwenye kwenda miezi na kurudi na vitu. Siku ya Idi nilimkaribisha pilau. Alikaa uani na Mama wakazungumza mpaka alasiri, mimi nikisafisha masufuria. Mwezi haukuisha Mama akaniita chumbani kwake.

"Mwanangu," akasema, "kaka yangu wa Bagamoyo ananiita nikakae naye. Nyumba nataka kumuuzia mdogo wako na mumewe. Wamenifuata, nami nimekubali."

"Wamekufuata lini?"

"Walikuja wiki iliyopita, ulikuwa sokoni. Haifurahishi hiyo? Haitoki kwenye ukoo wenu."

Nikasema inafurahisha. Nikatoka nikaenda kukaa mbele ya cherehani na kushona mshono mmoja mara tatu, nikiufumua kila mara.

Sitaki kujipamba. Wivu ule haukuanza siku ile. Tulipokuwa wadogo yeye ndiye aliyeitwa mbele ya wageni aimbe. Yeye alichaguliwa kwenda shule ya bweni, mimi nikafundishwa cherehani na shangazi. Nilizoea kumpongeza. Nilikuwa hodari wa kumpongeza, mpaka watu walisema hawajapata kuona dada mwenye roho nyeupe kama huyu. Lakini nyumba ile ilikuwa kitu cha kwanza maishani mwangu ambacho nilikiona kwanza mimi.

Mdogo wangu alipokuja kuniambia habari ya nyumba, tayari nilikuwa nimejiandaa.

"Mdogo wangu, nyumba hii nimelala humu, naijua," nikamwambia. "Imejengwa zamani, ni miti ya mikoko na mawe na udongo. Boriti zimeliwa na mchwa. Kenchi za paa zimeoza. Chumbani kwangu kuna ufa unaotisha. Mtazaa watoto humu waangukiwe?"

Nilitegemea akunje uso. Badala yake alinishika mkono.

"Ahsante, dada. Nani mwingine angeniambia kweli? Shemeji yako anasema tununue tu tupumzike. Sasa nitatafuta mtu aipime yote, paa mpaka msingi, kabla hatujaweka saini mbele ya balozi wa nyumba kumi."

Hivyo ndivyo ukaguzi ule ulivyokuja, kwa mdomo wangu mwenyewe.

Fundi aliyemleta alikuwa mzee mfupi, mtu wa kusini, aliyejenga shule na madaraja mikoani mpaka alipostaafu. Alikuja na mfuko wa turubai. Ndani yake mlikuwa na timazi yenye kamba ndefu, bisibisi ndefu, nyundo ya mpini wa mti, tochi, na mpira mrefu wa maji wa kupimia usawa. Tulimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba bila kututazama, macho yake yakiwa yameshapanda kwenye paa.

Mama hakupendezwa. "Nyumba yangu inapimwa kama mgonjwa wa kifua?" akauliza.

"Mgonjwa husema panapomuuma, mama," fundi akajibu. "Nyumba haisemi. Ndiyo maana nitachukua siku mbili."

Siku ya kwanza alishughulika na paa. Mdogo wangu aliomba ruhusa kazini, akawa anaandika kwenye daftari kila fundi alichokitamka. Mimi niliwafuata nyuma kwa kisingizio cha kushika ngazi. Fundi aliingia darini na tochi, tukawa tunamsikia akitambaa juu yetu, akigonga na kuchoma kwa bisibisi.

"Kenchi ya kwanza, nzima," sauti yake ikashuka. "Ya pili, nzima. Ya tatu ina tundu la zamani, mchwa walishahama. Nzima."

Kila aliposema nzima, kitu kilinichoma hapa chini ya ziwa. Nilikuwa nimemwambia mdogo wangu kwamba zimeoza ili kumtisha, lakini nadhani nami nilishaanza kuyaamini maneno yangu, kwa sababu ingekuwa rahisi kuikosa nyumba mbovu. Sasa mzee huyu alikuwa akinionyesha, boriti moja baada ya nyingine, uzuri wa kitu ninachonyang'anywa. Mabati manne yalikuwa na kutu ya kubadilishwa. Basi. Aliposhuka, nywele zimejaa masizi, alisema miti ile ilikatwa na watu waliojua kazi, na kwamba siku hizi huipati.

Mdogo wangu aligeuka akanitazama kwa furaha. "Umesikia, dada?"

"Nimesikia," nikasema. "Ngoja afike chumbani kwangu."

Asubuhi yake, kabla hawajafika, niliingia chumbani nikafunga mlango. Ufa ulikuwepo kweli, ulishuka kutoka pembe ya dirisha mpaka karibu na kitanda, mwembamba kama uzi. Nilikuwa nimeuzoea hata sikuuona tena. Nilichukua mkasi wangu mkubwa wa kukatia nguo nikauingiza. Lipu ikaanza kumeguka. Nilichokonoa nikachokonoa mpaka vidole viwili vikaingia, nikafagia vumbi nikalimwaga uani. Sitasema nilijuta. Nilijisikia kama mtu aliyefanya kazi.

Fundi alianza kuta za mbele. Aliziegemezea sikio, akagonga kwa mpini wa nyundo, akasikiliza. Alining'iniza timazi kwenye kila pembe. Alichimba kidogo chini ya lipu kuona vichwa vya mikoko karibu na ardhi, akavinusa. Ilipofika zamu ya chumba changu, mimi ndiye niliyetangulia kufungua mlango.

"Tazama mwenyewe, mzee," nikasema.

Mdogo wangu akashika mdomo. "Astaghfirullah! Dada, umelala na hili?"

Fundi aliusogelea. Alipiga goti, akawasha tochi ingawa palikuwa na mwanga, akapitisha kidole kwenye ukingo. Alisogea juu, karibu na dirisha, mahali ambapo mkasi haukufika, akatazama tena. Kisha akauliza, "Nani analala humu?"

"Mimi."

"Ufa wa zamani una vumbi jeusi ndani, na chokaa za miaka mingi zimeingia. Huu wa juu ni hivyo. Umetulia, hauendi popote, ni wa kuziba tu." Akashusha tochi. "Hapa chini ni peupe. Hapa pamekwaruzwa kwa chuma. Si zamani. Labda leo."

Nilisikia muuza maji akipita nje na toroli lake. Mdogo wangu alikuwa ameshika kalamu juu ya daftari, haandiki. Fundi akasimama, akapangusa magoti. "Nitakwenda kuangalia jiko," akasema, akatuachia chumba.

"Dada, ni wewe?"

"Ni mimi."

"Kwa nini?"

Nilikuwa na uongo mwingi wa kuchagua. Sijui kwa nini sikuchagua hata mmoja. "Kwa sababu nyumba hii ni yangu," nikamwambia. "Aliniahidi mimi. Nimeipaka chokaa mimi. Wewe umekuja kula pilau siku moja tu."

Alikaa kitandani kwangu. Alikuwa bado na sare ya kazi, ametoka zamu ya usiku. "Ungeniambia."

"Ningekuambia, ungeacha kununua?"

Alifikiri kweli. Niliona anafikiri, na kwa hilo namheshimu mpaka leo. "Hapana," akasema. "Ningesikitika, lakini ningenunua."

Tulikuwa bado tumekaa hivyo fundi alipoita kutoka uani, sauti yake imebadilika. "Njooni. Lakini msiingie humu jikoni. Simameni hapo mlangoni."

Alikuwa amesimama ukutani kabisa, miguu imebana. Akanyoosha mkono, akagonga sakafu kwa nyundo penye kizingiti. Ikalia nzito. Akagonga katikati, pale ninapoweka jiko langu la mkaa na kupiga magoti kusonga ugali. Ikalia kama ngoma.

Mama aliitwa. Aliisikiliza sauti ile mara mbili, ndipo akakumbuka. Mumewe, kabla ya jiko kujengwa, alikuwa na choo cha shimo upande huo. Kilipojaa alikifunika kwa miti na kumwaga saruji juu, wakachimba kingine mbali. Kwa miaka kilichomo kilioza kikashuka, na hakuna aliyekifikiria tena. Fundi alivunja kitundu pembeni, akateremsha timazi. Kamba ilikwenda, ikaenda, mpaka akabaki na kipande kidogo mkononi. Aliilazimisha bisibisi kwenye moja ya ile miti iliyobeba sakafu, ikazama hadi mpini.

"Masika mawili, labda matatu," akasema. "Halafu anayepika angeondoka na jiko lake."

Mdogo wangu alinishika kiunoni kwa mikono yote miwili, palepale mbele ya watu, akalia. Anayepika nilikuwa mimi. Nilijua napaswa kulia naye. Nilichohisi kilikuwa kingine, na nimekaa nacho muda mrefu: nilichukia kuwa ni yeye aliyeniokoa. Hata uhai wangu sasa ulikuwa umepitia mikononi mwake. Na hapo nilipojidai naijua nyumba ile kuliko mtu yeyote, nilikuwa nimepiga magoti juu ya shimo miaka kumi na mmoja bila kusikia.

Walikubaliana na Mama kwamba shimo lifukiwe kwanza. Kifusi kilitolewa kwenye jengo lililokuwa likibomolewa njia ya Mnazi Mmoja, mikokoteni ikaja siku nne mfululizo. Saruji ilisubiri kibali. Fundi alikuja kusimamia, akashindilia kila tabaka kwa gogo, na ufa wangu akauziba mwenyewe. Alipomaliza aliniambia tu, "Mkasi ule uupeleke ukanolewe, dada. Chokaa hula chuma." Baada ya hapo saini ziliwekwa barazani, Mama akapanda basi la Bagamoyo akiwa amenishika mkono dirishani, akisema nisimkasirikie. Nikasema sina hasira naye.

"Kaa, dada," mdogo wangu akaniomba. "Chumba ni chako. Baraza ni yako. Hutalipa kodi."

Sikuweza. Kupanga nyumba ya shirika au ya mgeni ningeweza, lakini kuamka kila siku na kumsikia akiamua rangi ya mlango, hapana. Nilipata chumba Magomeni. Siku ya kuhama alikuja kunisaidia, nami nikamwacha abebe kichwa cha cherehani, kizito kile, njia nzima mpaka kwenye mkokoteni uliosubiri mwisho wa mtaa. Nilitembea nyuma yake nikitazama jasho linavyomlowesha mgongo, na ilinipendeza.

Kwa muda mrefu nilipokwenda kumsalimia sikuvuka kizingiti. Nilikaa barazani, nikanywa chai, nikauliza habari za shemeji, nikaaga. Majirani walidhani naogopa sakafu. Yeye alijua, na hakunilazimisha. Alitoka na mkeka akakaa nami nje.

Aliposhikwa na uchungu wa mtoto wake wa kwanza, mumewe alikuwa baharini, na aliyetumwa Magomeni kuniita aliniambia dada njoo upesi. Mkunga aliyezalisha watoto wa watu wengi alikuwa amelala chali akilia jina langu kama mtoto. Nilivua viatu nikaingia. Kuta za korido alikuwa amezipaka rangi ya kijani hafifu, rangi ambayo mimi nisingeichagua. Nilifikiri hivyo kabisa, huku yeye analia. Kisha nikakunja mikono ya gauni, nikaenda jikoni kuchemsha maji.

Nilikaa siku arobaini. Nilimkanda, nikampikia uji wa pilipili manga, nikamwogesha mtoto uani karibu na asumini, ambayo ilikuwa imefika kwenye ukingo wa bati. Mtoto alikuwa wa kike, mwenye miguu mirefu. Siku ya mwisho mdogo wangu aliniuliza kama sasa nitarudi kukaa.

"Hapana," nikamwambia. "Ila Ijumaa nitakuwa nakuja."

Nikaenda kutafuta basi.