Maneno ya Mama Chini ya Muziki

Tulipoanua matanga ya mama kule Usevya, ndugu waligawana vitu vyake kama ilivyo kawaida. Dada yangu alichukua vitenge, mashangazi wakachukua vyungu na majembe. Mimi nilikaa pembeni, sikuwa na moyo wa kuchagua. Mwishoni, chini ya sanduku la bati, kikabaki kitu ambacho hakuna aliyekitaka: mkanda wa video, wa ile ya zamani, unanuka dawa ya nondo.

"Huo ni wa kuagwa kwako," shangazi akasema. "Chukua, ingawa sijui utautazamia wapi."

Nikauchukua. Nilikuwa na sababu ambayo sikumwambia mtu.

Kwetu, binti akiagwa, mama yake husimama uani na kumkabidhi kwa akina mama wa upande wa mume. Binti mwenyewe hayupo hapo. Anakaa chumbani, amefunikwa khanga, na wanawake wanamzunguka wakiimba kwa nguvu ili asisikie. Wanasema akimsikia mama yake atalia, na akilia sana watu watadhani kalazimishwa. Basi mimi niliagwa bila kusikia naagwaje. Bwana harusi naye hakuwepo, alikuwa ananisubiri kwao Kasokola.

Mkanda ulipoletwa tuliutazama kwa katekista, maana ndiye alikuwa na deki na jenereta. Mpiga picha alikuwa ameweka muziki mwanzo hadi mwisho. Ndivyo ilivyokuwa wakati ule. Mkanda usio na muziki watu waliuona haujakamilika. Nikamwona mama anasema, anapunga mkono, wanawake wanacheka, na mimi nasikia gitaa na kinanda tu.

Siku moja nilimuuliza, "Mama, uliwaambia nini?"

Akacheka. "Niliwaambia wao, sikukuambia wewe. Kawaulize."

Kumuuliza mama mkwe sikuthubutu. Baadaye mama mkwe akafariki, na sasa mama naye amekwenda. Nilibaki nataka kujua jambo hilo moja: mama alinikabidhi kwa maneno gani?

Mke wa mwanangu, ambaye ninaishi naye Kasokola, ndiye aliyemjua fundi mmoja Mpanda mjini, dada mwenye duka la kupiga picha za pasipoti na kutoa kopi. Huyo alikuwa anahamisha mikanda ya zamani kwenye CD. Tukapanda bodaboda, mkanda nimeukumbatia ndani ya khanga.

Fundi aliugeuza kwenye mwanga. "Mama, huu umeota ukungu. Tazama, huu weupe."

"Umekufa?"

"Bado. Tutaufuta."

Aliufungua kwa bisibisi ndogo, akaufuta taratibu kwa kitambaa laini. Mimi nilikuwa sijawahi kuona ndani ya mkanda. Nilidhani nitaona vipicha vidogo vidogo, kama vile vya filamu ya kamera. Hakuna kitu, ni utepe wa kahawia tu, unang'aa kama bawa la mende. Nikamuuliza watu wako wapi humo. Akasema hata yeye hajui vizuri, anajua tu kwamba ukichanika ndio basi.

Akautia kwenye deki kuukuu. Kutoka kwenye deki zilitoka nyaya tatu, njano, nyeupe na nyekundu, zikaingia kwenye kidude kidogo, na kidude kikaingia kwenye kompyuta. Nilifikiri atabonyeza tu na kazi iishe, kama wanavyorushiana picha kwenye simu. Kumbe sivyo. Mkanda lazima ucheze wote kwa mwendo wake wenyewe, na kompyuta inauandika huku unacheza. Sherehe ya saa nyingi, nanyi mnakaa saa nyingi. Fundi akatupa viti.

Picha ikatokea, inatetemeka pembeni. Uani kwetu. Muziki ule ule.

"Mama, mlikuwa mnavaa mabega makubwa hivyo?" mkwe wangu akauliza.

"Nyie mnavaa nguo zilizochanika magoti, mabega yetu yamekukosea nini?"

Fundi akacheka. Mkwe akasogea karibu na kioo. "Na huyu wa kitenge cha bluu, mbona amenuna?"

"Hajanuna, ndiye mama mkwe wangu. Uso wake ulikuwa hivyo."

Alikuwa mtu wa maneno machache. Wali wa kwanza niliokula nyumbani kwake, wenzangu walipokwisha kupakuliwa, alikomba ukoko wote chini ya sufuria, akauweka kwenye kisahani, akanisogezea. "Huu wako," akasema. Hakuongeza neno. Na kila walipopika wali ilikuwa hivyo hivyo. Nikaona ni desturi ya nyumba ile, mke mpya anapewa ukoko. Kwa bahati naupenda, nikala. Na mwaka jana huyu mkwe wangu alipokuja, nami nikakomba sufuria, nikamsogezea kisahani, nikamwambia, "Huu wako." Ndivyo nilivyofundishwa.

Mama akasimama mbele ya kamera. Mwembamba, kilemba kimekaa upande. Akafumbua mdomo, gitaa likalia.

"Hapo," nikasema. "Hapo ndipo ninapotaka kusikia."

Fundi akatikisa kichwa. "Sauti iliyomo ndiyo hiyo, mama. Muziki ukishawekwa juu, ya chini imefutika."

Nikaendelea kuutazama mdomo wa mama. Nadhani alinionea huruma, maana aliurudisha mkanda nyuma, akaanza kugusa vitufe vya deki, kimoja kimoja. Picha ikawa nyeusi, ikarudi. Akagusa kingine, chenye alama ya sauti. Muziki ukakatika.

Kukawa na upepo. Kuku. Mtoto analia mbali. Na wanawake wanaimba mahali fulani, sauti imezibwa na ukuta.

"Hee!" fundi akasema. Akagusa tena, gitaa likarudi. Akagusa, kuku wakarudi. "Kumbe huu una njia mbili za sauti! Nadhani aliweka muziki kwenye moja, hii nyingine hakuigusa."

"Hao wanaoimba ni wa chumbani," nikasema. "Mimi nipo humo."

Kisha mama akasema. Sauti yake ilikuwa nyembamba kuliko nilivyoikumbuka, na Kipimbwe, lugha yetu ya nyumbani, kimejaa kwenye Kiswahili chake.

"Mimi sina maneno mengi. Mmekuja vizuri, tumepokea. Mtoto kulima anajua, kupika anajua. Kuamka mapema hajui, mtamzoea." Wanawake wakacheka. "Ila nyie akina mama, nina ombi. Mkipika wali, ukoko mumwekee yeye. Tangu mdogo ndio anachopenda. Kuomba haombi, atakaa kimya tu. Nyie mwekeeni."

Kitenge cha bluu kikasogea mbele. "Tumesikia, mama," mama mkwe wangu akasema. "Ukoko wake upo."

Vigelegele. Kamera ikageuka kutazama kuku.

Fundi alinitazama, akaacha mkanda uendelee. Nililia kidogo, si sana. Nilikuwa nashangaa zaidi. Miaka yote ile nilikuwa napokea kisahani kutoka kwa mama yangu bila kujua.

Halafu nikasikia mkwe wangu anajizuia kucheka.

"Mama," akasema, "kwa hiyo si desturi?"

"Kumbe si desturi."

"Nisamehe, mama. Mimi ukoko unaniumiza meno."

"Na unakula kila Jumapili!"

"Ningekataaje? Nilidhani ni mila yenu."

Fundi akaegemea meza kwa kicheko.

Tulirudi na CD mbili, moja yenye muziki na moja yenye kuku. Jumapili iliyofuata mkwe alipika wali. Akakomba sufuria mwenyewe, akanisogezea kisahani.

"Huu wako, mama."

Nikaushika ukoko, nikamtazama. "Na wewe, siku unaagwa, mama yako alisema nini?"

Akafikiri. "Sijui. Nilikuwa ndani. Video ninayo kwenye simu, lakini wameweka muziki."

"Mpigie."

"Sasa hivi? Chakula kitapoa."

"Mpigie. Yeye bado yupo."

Akatoa simu. Ikaanza kuita, na mimi nikaacha kutafuna ili tusikie vizuri.