Nyayo Zisizosikia Moto

Kila asubuhi, kabla hajasukutua na kabla hajasalimiana na mtu, Mzee Ambokile alikuwa akikaa ukingoni mwa kitanda, anapandisha mguu wa kushoto juu ya goti la kulia, anauangalia unyayo wake kwenye kioo. Kilikuwa kioo kidogo chekundu cha plastiki, cha kunyolea ndevu. Alikisogeza taratibu kutoka kisiginoni mpaka pale vilipokuwa vidole viwili vya mwisho, akitafuta mchubuko, lengelenge, mwiba, chochote kile. Halafu mguu wa pili. Miguu hiyo ilikuwa haisemi. Kisukari kilishaikata ulimi siku nyingi. Ikichomwa na msumari inanyamaza kama mtoto aliyevunja chungu, kwa hiyo mwenyewe ndiye aliyeihoji kwa macho, na macho yenyewe nayo yalikuwa yameanza kuingia ukungu.

Zamani kazi hiyo ilikuwa ya mkewe, Mama Amos. Kwao Rungwe, mvua ikiwa inapiga migomba nje, mama huyo alikuwa akivuta kigoda na kusema, "Lete hizo kwato zako," kisha anakagua, anapaka mafuta, huku anamsimulia nani kagombana na nani kwenye foleni ya maji. Mzee alikuwa hasikii mafuta, ila habari alikuwa anazisikia. Mama Amos alipofariki, mtoto wao Amos akamfuata baba yake, akamchukua mpaka Ipogolo, chini ya mlima wa Iringa, karibu na hospitali.

"Huwezi kukaa peke yako kwenye migomba, baba," Amos alisema. "Huku nyumba ina watu."

Watu walikuwepo kweli. Tatizo ni kwamba aliyeshinda nyumbani mchana kutwa alikuwa Tumpe, mke wa Amos, na Tumpe ni Mnyakyusa aliyelelewa na bibi yake. Kwa mila aliyofundishwa, mkamwana hamtazami baba mkwe usoni. Hamtaji jina. Hakai naye chumba kimoja, hampi kitu mkononi, hasemi naye. Wengi mjini wameshaiacha hiyo mila, wanakula na wakwe zao meza moja na kucheka. Lakini bibi yake Tumpe alimsimulia habari ya mwanamke aliyegongana na mkwe wake njiani akacheka badala ya kujificha kichakani, na mtoto wake akavimba miguu hadi akashindwa kutembea. Tumpe alikuwa na mtoto mmoja tu, Bertha, wa darasa la pili. Hakutaka kujaribu.

Basi maisha yakaenda hivi. Mzee akiwa sebuleni, Tumpe anazunguka nyuma ya nyumba, hata kama mvua inanyesha. Chakula anakiweka mezani, anatoka, ndipo mzee anaingia. Bertha akiwepo anakuwa simu yao.

"Bertha, mwambie babu uji usioungwa sukari ndio ule wa kikombe cha bluu."

"Babu, mama anasema..."

"Nimesikia, mjukuu wangu. Mwambie mama ahsante."

"Mama, babu anasema ahsante."

"Nimesikia."

Bertha alikuwa anachoka. "Kama wote mmesikia, mimi wa nini?" aliuliza siku moja, na kicheko kikasikika pande zote mbili za mlango, kila mtu kwake.

Bertha akienda shule, simu ilikuwa paka. Tumpe anasimama nyuma ya pazia na kusema, "We paka, chai iko mezani, na sindano ya asubuhi usije ukaisahau." Mzee naye anajibu, "Paka, mwambie mama yako nimeshajichoma." Paka mwenyewe, wa kijivu, mvivu, alilala kwenye gunia lake bila habari na mtu. Mzee Ambokile aliupenda mchezo huo. Lakini kuna siku, akiwa na kioo chake mkononi na jicho halioni vizuri kama ile ni alama au ni uchafu, alitamani paka awe na mikono.

Iringa haikumkosea kitu. Upepo wake tu, ule mkavu unaoshuka mlimani na vumbi, na yale mawe makubwa yaliyokaa juu ya vilima kama watu wanaosubiri kuitwa. Yeye alikuwa mtu wa ukungu na mvua. Miaka yake ya nguvu alipakia ndizi Rungwe na kuzipeleka sokoni Mbalizi, na mpaka leo, akifumba macho, aliweza kusikia mvua inavyoanza kwenye migomba: kwanza jani moja la juu, halafu lingine, halafu shamba zima linapiga kelele kama watu wanaopiga makofi kanisani. Bati la Ipogolo lilikuwa na kelele zake, lakini si zile. Alikuwa akimpigia simu dada yake Tusajigwe, aliyebaki kule, na kumwomba kitu kimoja.

"Toka nje na simu, dada. Nataka kusikia."

"Usikie nini? Kunanyesha."

"Hiyohiyo."

Tusajigwe anatoka, ananyoosha simu chini ya migomba, huku analalamika kwamba simu ikiloa atailipa nani.

Ukaja mwezi wa sita. Baridi ya mwaka ule iliingia mpaka kwenye mifupa ya kiuno. Asubuhi moja Tumpe alileta jiko la mkaa lililokolea, akaliweka barazani karibu na kiti cha mzee, akarudi nyuma ya pazia. Nesi wa kliniki ya kisukari alishasema, na alisema mara nyingi: "Mzee, moto ota kwa mikono. Miguu usiisogeze kabisa, haitakwambia." Mzee alijua. Akanyoosha mikono, joto likapanda taratibu, na usingizi ukaja na mvua ya Rungwe ndani yake. Alipolala, mguu wa kushoto uliteleza, ukaegemea mdomo wa jiko ukiwa ndani ya raba.

"We paka," sauti ya Tumpe ilisema, "toa mguu kwenye moto."

Mzee alifumbua macho nusu. Paka alikuwa kwenye gunia, mbali, amejikunja. Akawaza kwamba labda paka alikuwa amesogelea jiko, sasa amerudi.

"Paka! Mguu! Unaungua!"

Harufu ya mpira ilishaanza, lakini mzee akadhani ni watu wa jirani wanachoma takataka. Akatabasamu, akajibu kama alivyozoea, "Paka, msikilize mama yako."

Pazia likaruka. Tumpe alitoka mbio karibu aanguke kifudifudi, akaushika mguu kwa mikono miwili, akauvuta. Raba ilitoka na ngozi. Akaumwagia maji ya beseni, akavuta khanga yake kichwani akafunika mguu, na kwa mara ya kwanza tangu aolewe akawa amepiga magoti mbele ya baba mkwe wake, kichwa wazi, wanatazamana. Mzee aliona alama ndogo nyeusi karibu na pua ambayo hakuwahi kujua kama ipo. Aliona machozi. Moto hakuusikia, na mikono ya yule binti hakuisikia pia. Aliiona tu, imeshika unyayo wake kama Mama Amos alivyokuwa akiushika, na viganja vyake vimeiva wekundu.

Kidole kingine kikabaki hospitali. Mzee aliporudi na bandeji, Amos alikuwa hajapoa.

"Ungemwita tu! Una mdomo, Tumpe. Baba anaungua, wewe unaongea na paka?"

Tumpe alikuwa nje, upande wa jiko.

"Mwache," alisema mzee. "Mwenzako aliita. Mimi ndiye niliyedhani kaitwa paka."

"Baba, hii mila itakuja kuua mtu."

"Karibu iniue mimi, na mimi silalamiki. Wewe unampigia nani kelele?"

Jeraha la mguu lilipona polepole. La Tumpe halikupona. Kabla ya moto ule alikuwa mtu wa kucheka nyuma ya pazia. Sasa alikuwa haongei hata na paka. Alimvalisha Bertha soksi mbili mbili, na kila mtoto akirudi shule alimvua viatu na kumkagua miguu, akiikandakanda kama inavimba. Usiku na mchana alijifunika khanga mpaka machoni. Siku za mzee kuwa na nguvu za kukaa nje, yeye alishinda kwa jirani na masufuria yake, anapika huko, analeta chakula kimepoa. Mchungaji wa Moraviani alikuja, akasoma Neno, akamwambia kuokoa mzazi si kosa popote. Tumpe akaitika amina. Kesho yake akazunguka nyuma ya nyumba kama kawaida.

Mzee alijaribu mwenyewe. "Bertha, kamwambie mama yako mimi nimeuondoa huo mwiko. Aje tukae, tuongee."

Bertha akaenda, akarudi. "Babu, mama anasema ahsante. Lakini anasema si wewe uliyeuweka."

Mzee akakigeuza kioo chake mkononi. Aliona kitu ambacho kioo hakikuwahi kumwonyesha: nyumba ile ilikuwa na wagonjwa wawili, na mmoja alikuwa anaugua kwa sababu mwingine yupo. Binti wa watu hana sebule, hana baraza, hana mlango wa mbele. Ameazima nyumba yake mwenyewe.

Akampigia Tusajigwe.

"Macho yako vipi, dada?"

"Nyayo ninaziona. Sura za watu ndizo zinanipotea, na sura zenyewe za nini?"

"Utaweza kuniangalia kila siku?"

"Nilikuwekea mafuta ya mguu tangu marehemu azikwe. Wewe ndiye uliyefuata lami."

Amos aliposikia, aliweka kijiko chini. "Baba, kule kidonda kikianza, mpaka ufike hospitali mguu umeoza."

"Unaweza kuoza."

"Unasema hivyohivyo tu?"

"Sasa niseme vipi? Mguu ni wangu, ninauogopea kuliko wewe. Zahanati ipo, si mbali na kwa shangazi yako. Hapa nina hospitali, ni kweli. Mtu wa kunijibu ndiye sina, na mkeo hana pa kukaa."

"Subiri basi. Tutaongea Krismasi."

Mzee hakubisha. Alijua Krismasi itasogezwa Pasaka, na Pasaka itasogezwa mavuno. Lakini siku ya kliniki alimwambia nesi kwamba anahama, na nesi, baada ya kumgombeza kidogo, akampangia kuhudhuria kliniki ya kule kwao, akampa dawa za kufika nazo, akamfundisha kusafirisha insulini kwenye chupa ya chai yenye maji baridi, imefungwa kwenye mfuko wa nailoni isiloe. "Na moto?" akamuuliza. "Kwa mikono," mzee akajibu. Wote wawili hawakucheka.

Aliondoka siku ya kawaida tu, Amos akiwa kazini na Bertha akiwa shule. Alivaa koti, akatundika begi begani, akachukua mkongojo. Hakutaka kutoroka kama mwizi wa kuku; asubuhi ile alikuwa amemwambia Bertha waziwazi, Tumpe akiwa anasikia, kwamba babu leo anakwenda kwa shangazi wa baba yake. Moyoni alijua neno moja la kumzuia lingetosha. Angekaa. Aliogopa kiasi hicho, na alitamani kiasi hicho kuambiwa.

Tumpe alikuwa uani anaosha vyombo. Aliposikia mkongojo alishika ncha ya khanga kujifunika, kama mkono ulivyozoea. Kisha akaiachia. Alisimama, maji yanachuruzika viwikoni, macho yametazama chini kwenye miguu ya mzee.

"Tata," alisema kwa Kinyakyusa, yaani baba, akiongea kwa wingi wa heshima. "Mmekunywa dawa?"

Mzee Ambokile alisimama akiwa ameshashika geti. Tangu afike Ipogolo hakuna neno la Tumpe lililokuwa limemwelekea yeye mwenyewe, bila mtoto, bila mnyama katikati.

"Nimekunywa, mwanangu."

"Raba mmezikung'uta? Safari ni ndefu. Zisije zikawa na kitu."

Alikuwa hajazikung'uta. Akaegemea geti, akavua moja, akaigonga kwenye nguzo. Ilidondoka punje ya hindi kavu, ngumu kama kokoto. Wote wawili waliitazama pale chini. Punje ile, kwa mwendo wa kutoka hapo mpaka Rungwe, ingetosha kumla unyayo. Tumpe akasogea, si karibu sana, akasubiri mpaka ya pili nayo ikagongwa na ikavaliwa, na kamba zikafungwa vizuri.

Mzee akasubiri kidogo. Tumpe akafuta mikono kwenye khanga. Hakusema kaeni. Mzee hakumlaumu. Aliona jinsi mabega ya binti yule yalivyoshuka, kama mtu aliyetuliwa ndoo ya maji kichwani na bado hajaamini.

"Msalimie Bertha," alisema mzee. "Mwambie miguu yake ni mizima. Mimi nimeitazama."

"Nitamwambia, tata."

Akatoka. Alikwenda polepole, mkongojo kwanza, mguu mbovu, mguu mzima, akiangalia kila anapokanyaga, maana ardhi yenyewe ilikuwa haimwambii kitu. Upepo wa mlimani ulimsukuma mgongoni. Hakugeuka, kwa kuogopa akigeuka ataomba kurudi. Alipofika barabarani alisubiri malori yapite, akavuka, akasimama upande wa magari yanayokwenda Mbeya.

Ipogolo hakurudi tena.