Pampu Inayopumzika Saa Sita

Mwaka wa 2012, kila mgeni aliyeshuka Lodwar alidhaniwa amefuata mafuta yaliyogunduliwa Lokichar. Mimi nilifuata visima. Nilitoka Kakamega kuja kufundisha umeme katika chuo cha ufundi, nikapanga chumba Kanamkemer, na jioni nikawa natengeneza kidude cha kufungwa kwenye pampu za mkono. Pampu ikinyamaza, kidude kinamtumia fundi ujumbe kwenye simu, ili akina mama wasitembee nusu siku kumwita.

Mwenzangu katika kazi hiyo alikuwa fundi wa simu aliyekimbia Kongo na kuishi kambini Kakuma. Mimi nilichora saketi; yeye aliandika programu na kuchomelea vitu vidogo ambavyo macho yangu yalikataa kuviona. Kidude cha kwanza tulikifunga kwenye pampu moja nje ya kambi. Kilifanya kazi vizuri, ila kila saa sita mchana kilituarifu kwamba pampu imeharibika. Nilikasirika wiki nzima, mwishowe nikapanda gari kwenda kujionea. Nilikuta akina mama wameshusha mkono wa pampu, wameufunga kwa kamba, wameketi kivulini. Maji ya kisima kile hupungua asubuhi watu wakiteka sana, kwa hiyo mchana wanakipumzisha mpaka yarudi.

"Ejok," wakanisalimu, wala hawakujua walivyonitesa.

Mwaka uliofuata serikali ikatangaza fedha za utafiti kwa wabunifu wa vifaa kama chetu. Tuliomba, tukaitwa mbele ya jopo Lodwar. Nilifurahi hadi nikaogopa. Mkataba wangu chuoni ulikuwa unaisha. Tukikosa fedha zile, ningerudi nyumbani na kazi yetu ingekufia hapo, maana masharti yalitaka mwombaji mkuu awe raia, na mwenzangu hakuwa. Hata kutoka kambini alihitaji kibali, na kibali hakikufika. Nikaenda peke yangu, nimenuna.

Maswali yalikuja kwa Kiingereza, nikayajibu vizuri tu. Kisha mwenyekiti, mama wa makamo aliyekuwa akijipepea kwa faili, akabadili lugha.

"Mwalimu, hayo yote ni maneno. Mimi nataka kuona hiyo kitu ikifanya kazi sasa."

Nilitazama saa. Ilikuwa inakaribia saa sita. Kidude kingeongea, ndiyo, lakini kingesema uongo wake wa kila siku, na mbele ya watu waliokuja kupima ukweli wake. Nilikuwa nimemsihi mwenzangu akirekebishe, naye akajibu "nitaona," jibu ambalo kwangu lilikuwa sawa na hapana. Sikuwa na la kufanya. Niliweka simu mezani, tukangoja. Mjumbe mmoja akapiga miayo. Simu ilipotetemeka, mwenyekiti aliichukua kabla yangu.

"Pampu imefungwa, inapumzika," akasoma. "Inapumzika aje?"

Hata mimi sikujua. Niliomba ruhusa nikampigia mwenzangu, sauti ikisikika na wote.

"Dada, bamama banafunga pompi saa sita," alisema. "Wakati banaifunga, mukono unabakia chini. Kama imeharibika, banauacha juu. Nilifundisha kidude kuona ile. Nilimaliza jana, lakini netiweki ilikosa ya kukuambia."

Nilimshukuru na kukata simu haraka. Mwenyekiti alikuwa ameacha kujipepea.

"Na huyu mbona hakukuja?"

"Yuko kambini, mama. Kibali hakikutoka."

Wakanong'onezana. Nilikaa nikitazama viatu vyangu, nikiwaza jinsi ya kufunga mizigo. Kisha mwenyekiti akaniambia kwamba masharti yanataka raia kwa mwombaji mkuu tu. Mwenzake anaweza kuwa yeyote, na mwenzangu ataandikwa mtafiti kama mimi. Fedha wanazipitisha. Kuhusu kibali, wataandika barua wenyewe kumwombea.

Sikumbuki nilivyoaga. Nilitoka kwenye jua kali la Lodwar nikampigia tena, nimejaa maneno. Alipopokea, hakuna hata moja lililotoka. Nililia tu, kwa faraja, mbele ya waendesha boda boda waliokuwa wakingoja abiria.

"Usilie, dada," akasema kwa upole. "Haina neno. Tutatengeneza ingine."