Ugonjwa Uliovunjwa Meno

"Kiingereza hakijazaa neno litakalopanda mlima huu wa Sagalla likanishinda mimi!"

Fanuel Mwandawiro aliyasema hayo mwaka wa 1974, siku ya sadaka ya mavuno, mbele ya kanisa zima, na hakuna aliyekuwa amemuuliza.

Alikuwa na haki kidogo ya kuringa. Miaka tisa alikuwa karani wa mizani kwenye shamba la mkonge huko chini, na alipoachishwa kazi alirudi mlimani na vitu viwili: kikohozi na kamusi isiyo na jalada. Tangu hapo barua yoyote yenye muhuri ilipitia kwake kwanza. Nyumba ililishwa na kuku kumi na wanne wa mkewe Wakesho. Fanuel aliilisha maneno.

Agosti hiyo mdondo ulifyeka kuku wa Voi mjini. Kuku anasinzia, shingo inapinda, siku ya tatu banda kimya. Bwana mifugo, kijana mmoja aitwaye Katuku, akapanda mlima kwa miguu na chupa ya chai iliyojaa barafu, na ndani yake kichupa cha chanjo. Kina mama walimngoja nje ya kanisa, kuku kwapani. Alipomaliza kuichanganya dawa, Tryphena, mwenyekiti wao, akainua mkono.

"Kwanza tujue imeandikwa nini. Mpe baba Fanuel asome."

Fanuel alisoma vizuri mpaka akagonga neno *attenuated*. Akakohoa. Akatuma kamusi iletwe, akafunua, uso ukamng'aa.

"Maana yake imedhoofishwa. Imepunguzwa nguvu."

"Haa!" Tryphena akaruka. "Yaani yenye nguvu wamebaki nayo Nairobi, sisi tunaletewa maji ya kuoshea chupa?"

Dakika tano baadaye uwanja ulibaki na manyoya, Fanuel na Katuku.

"Mzee," Katuku akasema polepole, "umetumaliza. Kilichodhoofishwa si dawa, ni ugonjwa. Humu mna mdondo wenyewe, uko hai, lakini umevunjwa meno. Kuku anapigana nao, anashinda, anaujua. Ule wenye meno ukija, unamkuta ameshajifunza."

"Basi kesho nitawaeleza."

"Kesho gani? Nimeshaichanganya. Ikifika saa sita ni maji kweli."

Ilikuwa saa nne na nusu. Fanuel aliwafikiria wale kuku kumi na wanne, halafu akamfikiria Wakesho bila kuku, na hilo la pili ndilo lililomtia mbio. Kengele ya kanisa ilikuwa kipande cha reli kilichoning'inia kwenye mti, na katikati ya wiki hakikugongwa ila kwa msiba. Akakigonga hasa.

Watu walishuka mbio, kanga viunoni, wengine kuku bado kwapani.

"Nani amekufa?"

"Ni mimi," Fanuel akasema. "Nimekufa kwa aibu. Neno nililipata, lakini nikalivika kitu kisicho chake." Akawaeleza yote, meno na kila kitu.

Tryphena akamtazama kama anayemtazama mlevi. "Saa ile ilikuwa maji. Sasa ni ugonjwa, tena uko hai, na unataka niutie kwenye jicho la kuku wangu?"

Jua lilikuwa linapanda. Fanuel akamgeukia mkewe. "Mama, nipe jogoo."

Wakesho akamkumbatia jogoo wake mwekundu. "Wewe ukimuua huyu, alfajiri utawika wewe."

"Nitawika."

Akampa. Katuku akadondosha tone moja jichoni. Jogoo akapepesa, akajikung'uta, akamdonoa Fanuel mkononi hadi damu ikatoka. Watu wakacheka, na wakiwa bado wanacheka Tryphena akasogea na tetea wake.

"Ukikosea tena, baba Fanuel, hiyo kamusi tunawashia moto."

Kufika saa sita kichupa kilikuwa kitupu. Siku mbili kuku walisinzia kidogo, na siku hizo mbili Fanuel hakula kitu. Siku ya tatu jogoo mwekundu aliwika kabla ya mwenye nyumba kuhitajika. Septemba mdondo wenye meno ukapanda mlima, ukachukua kuku sita wa jirani mmoja aliyekataa kurudi, ukaenda zake.

Desemba Wakesho alishuka sokoni Voi na vifaranga waliokwisha kuwa majogoo. Fanuel alimbebea kikapu, na njia nzima hakutafsiri kitu.

Mjini kuku walikuwa bado adimu; jogoo mmoja alikuwa shilingi kumi na nane.