Bega la Dobi

Dobi wa mtaa huu hana simile na doa. Mteja akileta shati lenye mchuzi, yeye humtazama juu mpaka chini na kuuliza, "Mchuzi huu uliula au uliuoga?" Siku hizi, hata hivyo, bega lake la kushoto lina alama nyeupe za maziwa, moja juu ya nyingine, ilhali taulo amelitandika kwenye bega la kulia. Mwanawe mchanga ana shabaha: hucheulia pasipo na taulo. Kila akinyonya, maziwa hupanda na kumchoma koo, naye hujipinda kama upinde na kulia mpaka pasi ya babake ipoe. Daktari ametoa dawa, akaonya kwamba uzito haupandi, na kwamba akishanyonya asilazwe upesi, ashikwe wima. Basi dobi humshika. Huyumba mguu huu na huu, kiganja kikimpigapiga mgongo, na wateja huamriwa kwa macho wanyamaze.

Leo mwalimu wa jirani ameleta koti lake la sufu. Dobi amelipokea, akalilaza begani, akaanza kuyumba. Analipigapiga mgongo huku akieleza kuwa sufu haitaki maji ya moto, na mwalimu hajui acheke au asubiri. Pazia la nyuma likafunguka, mkewe akachungulia, mtoto amesinzia kifuani pake.

"Mume wangu, mtoto si ninaye mimi?"

Dobi akalitazama koti. Mkono haukusimama.

"Najua," akanong'ona. "Lakini hili bado halijacheua."