Tunda Walilolizika

Makosa yote ni ya viatu vya Mbithe. Kama si viatu hivyo, Wilkista angerudi Thika na chupa yake ya maji ya bahari, awaonjeshe majirani chumvi, mambo yaishe. Lakini rafiki yake Mbithe, ambaye alipandia treni Ruiru na kazi yake ni kuchuma kahawa, alikuja Mombasa na viatu vya kanisani, halafu akataka kuizunguka ngome yote ya Wareno kwa miguu. Mkanda ukakatika.

"Nilikuambia uvae akala," Wilkista alisema.

"Nije kuona bahari na akala, kama naenda shamba?"

Ilikuwa Jumapili, wamefika asubuhi, na jioni treni iwarudishe. Chini ya ukuta wa ngome waliona fundi wa viatu, misumari imemjaa mdomoni. Alipoitema ili awasalimu, Wilkista akaona meno ya chini hana, yameng'olewa kama wanavyong'olewa vijana wa Kijaluo. Akafurahi kumpata mtu wa kwao, akamwamkia kwa Kijaluo.

Nyundo ikasimama. "Aketch?" fundi akasema.

Sasa, Thika nzima nani anamwita hivyo? Kwa majirani yeye ni Wilkista, mke wa yule wa kiwanda cha mananasi. Aketch ni jina la nyumbani kwa mama, kwa sababu alizaliwa wakati wa njaa. Akamtazama yule mtu sikio la kushoto. Ncha haikuwepo, mbwa aliinyofoa wakiwa watoto. Akaketi vumbini na gauni lake jipya.

Alikuwa Tobias, kaka yake. Na Tobias walishamzika.

Wakati wa vita vya Hitler alichukuliwa jeshini, ikaja habari kwamba meli yao imezama. Maiti haikuonekana. Kwao mtu haachwi hivyo hivyo bila kaburi, kwa hiyo marehemu baba alichuma yago, lile tunda refu zito la porini, wakalilaza kaburini mahali pa Tobias. Wakalia, wakanyoa nywele. Na aliyezikiwa yago amekufa, basi. Hata akitokea mzima, haingii tena kwenye boma, maana ataingia na kifo. Mtoto yeyote wa Kijaluo analijua hilo.

"Sikupanda ile meli," Tobias alisema. "Nilitoroka. Nikaogopa kufungwa, nikanyamaza. Miaka ikapita, nikaona haya." Akajifuta uso. "Lakini Krismasi hii naenda nyumbani. Mama yuko?"

"Yuko. Nimemleta kwangu Thika kwa muda, macho yamefifia, lakini Krismasi anarudi nyumbani."

"Basi nitamkuta nyumbani, nimshike mkono mpaka atambue ni nani."

Hasira ikampanda Wilkista. Miaka yote ile wanamlilia, naye yuko hapa anapiga misumari! Alitaka kumzaba kofi, alitaka kumkumbatia, akashindwa yote mawili.

"Huwezi kuja, Tobi. Baba alikuzikia yago."

Fundi alikiinua kiatu cha Mbithe, akashona, akavuta uzi, akarudia kushona pale pale palipokuwa pamekwisha shonwa.

"Wapi?" akauliza mwishowe.

"Kando ya kibanda chako, karibu na lango."

"Mama alilia?"

"Hilo nalo ni la kuuliza?"

Kwenye treni Mbithe alijaribu kumsemesha, akaona ni bure, akamwachia shuka lake ajifunike. Wilkista hakulala. Mama ni mgonjwa. Akiambiwa, si ataanguka? Na asipoambiwa?

Alimkuta mama mlangoni kwake Thika, anaota jua. Akapiga magoti, akamwambia yote.

"Kila masika nimelipalilia lile kaburi," mama akasema. "Kumbe napalilia tunda."

"Mama, nyumbani haruhusiwi kuja. Unajua."

"Najua. Nilikuwepo." Akapapasa ukuta mpaka akaipata fimbo yake. Akajifunga leso kiunoni, akavuta fundo likakaza. "Lakini aliyezikwa ni yeye, Aketch, si mimi. Nipeleke stesheni."